Mafundisho ya ubatizo ya watu wazima pamoja na jumuiya: naipa nyota 3 na nusu

Tumsifu Yesu Kristu. Ambao sio wenzetu, habari za mida hii.

Watu wanatoa maoni ya mgahawa, ya basi la mkoani, ya sabuni ya unga, mimi leo natoa maoni ya kubatizwa na wala sitanii, maana hii nayo ni huduma, ina ofisi, ina fomu, ina ratiba, ina wahudumu wazuri na wahudumu wa kukupandisha presha. Kabla sijaanza nilitafuta sana mtu aliyepitia anieleze ikoje, kila ninayemuuliza kumbe alibatizwa ana wiki sita yuko mikononi mwa mama yake hakumbuki chochote zaidi ya picha. Kwa hiyo nawaandikia nyie mnaokuja ukubwani kama mimi.

Mimi ni fundi friji na AC, miaka 33, nipo Dar. Nimebatizwa Kanisa Katoliki Pasaka ya mwaka juzi baada ya kukaa kwenye mafundisho karibu miaka miwili. Parokia siitaji. Kuna mambo ntayasema sio matamu na katekista wetu, yaani mwalimu wetu wa dini, namheshimu, bado tunakutana dukani tunasalimiana vizuri tu, sitaki kuharibu.

Tusidanganyane, nilifata ndoa. Mama yangu ni mlokole, kanisani kwao mtoto anabarikiwa tu, ubatizo unakuja ukishajitambua na ni wa maji mengi unazamishwa mzima mzima. Sasa mimi wakati wa kujitambua ulipofika nikajitambua kivingine, nipo kwenye gereji ya mjomba, nipo mpirani, ubatizo ukanipita hivi hivi. Mchumba wangu ni Mchaga wa Kilema, huko misheni ipo tangu miaka ya 1890 kwa hiyo wale watu kwenye hili jambo hawana utani. Baba mkwe alinikalisha akaniambia kijana wangu, ndoa ya mseto ipo na Kanisa linaruhusu kwa kibali, lakini mimi ningependa uje ndani kabisa, usisimame mlangoni. Nikasema sawa baba. Kichwani nikapiga hesabu ya miezi mitatu.

Siku ya kwanza ofisini naingia na Bwana Yesu asifiwe yangu, katibu ananiangalia tu. Anauliza unatoka jumuiya gani, yaani kile kikundi cha sala cha Wakatoliki wa mtaa mmoja. Namwambia dada mimi bado hata sijawa wenu, ndo naomba kuanza. Akasema nenda kwanza kwenye jumuiya ya mtaani kwako, mwenyekiti akufahamu, akuandikie barua, ndo uje. Yaani nilitoka pale nimevimba, nikawa namwambia mchumba hili ni kanisa au serikali ya mtaa, hata sijabatizwa naagizwa kwa mwenyekiti kama nahamia na vyombo! Nikakaa wiki tatu sijaenda. Leo nikiangalia nyuma ile barua ndo kitu cha maana kuliko vyote nilivyoagizwa pale ofisini, ila hakuna aliyenielezea ni ya nini, na huo ndo ugonjwa wa huduma hii mwanzo mwisho, vitu vizuri sana vinatolewa bila maelezo.

Haya tuje darasani. Jumapili baada ya misa ya pili, saa 4 hadi saa 6, kwenye chumba cha chekechea. Viti ni vya chekechea pia, magoti yanakuja usawa wa kidevu. Tulianza kama 30, kuna mama wa miaka 54 aliyeishi na mume Mkatoliki miaka yote hajawahi kubatizwa, kuna dada wa saluni, kuna vijana wa ndoa kama mimi, kuna dogo mmoja wa bodaboda ambaye ndo pekee alikuja bila kusukumwa na mtu, kaota tu moyoni. Mwalimu ni mstaafu wa shule ya msingi na alifundisha hivyo hivyo, anauliza mnajibu kwa pamoja. Mungu ametuumba kwa nini, ametuumba ili tumjue tumpende tumtumikie. Sakramenti ni ngapi, ni saba. Zitaje. Unazitaja. Ukikosea kipaimara ukaanza na kitubio unarudishwa mwanzo.

Sisemi kukariri ni kubaya. Ile sala ya Nasadiki niliyokariri pale imenisaidia usiku fulani mtoto yuko wodini na kichwa hakina neno lake lolote, maneno ya kukariri yakaja yenyewe. Lakini kukariri tupu miezi kumi na nane hapana aisee. Siku moja yule dogo wa bodaboda akanyoosha mkono, akauliza mwalimu, mimi nikisimamishwa na trafiki nikatoa elfu mbili ili nisipelekwe kituoni, maana nikipelekwa siku nzima imekufa na hesabu ya bosi ipo pale pale, hiyo ni dhambi ya aina gani na nifanyeje? Darasa zima likaamka. Yule mama wa 54 akageuka, dada wa saluni akaweka simu chini, kila mtu ana trafiki wake wa namna hiyo. Mwalimu akasema swali zuri, hilo tutalifikia kwenye amri ya saba, ile ya usiibe, sasa hivi tuko kwenye amri ya kwanza. Amri ya saba tuliifikia baada ya miezi mitano. Dogo alikuwa ameshaacha kuja.

Hapo mimi binafsi nilikata nyota nzima.

Kuhusu muda mrefu, nililalamika sana na nakiri hapa nilikosea. Mwalimu aliniambia wewe unalia na miaka miwili, Wakristu wa kule Roma karne za mwanzo walikuwa wanakaa mitatu, na hata hapo kilichokuwa kinaangaliwa sio kalenda ni mwenendo wa mtu. Na huku kwetu wale Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie, waliopitia Bagamoyo 1878 kwenda Tabora na Ujiji na Uganda, waliagizwa miaka minne, miwili ya kusikiliza tu na miwili ya ukatekumeni wenyewe, yaani kuandaliwa kwa ubatizo. Nikamuuliza kwa nini minne yote hiyo. Akasema walitaka mtu akibatizwa abaki. Hilo jibu lilinikaa. Maana hata mimi kwenye kazi yangu, friji ikitoka kutiwa gesi sikabidhi siku hiyo hiyo, nailaza na umeme masaa 24 naiangalia kama inashikilia baridi, mteja akinuna na anune.

Sasa sehemu iliyonimaliza kabisa ni Kwaresima na Mkesha wa Pasaka, hapo natoa nyota zote tano na ningekuwa na ya sita ningetoa. Kumbe hii kitu sio darasa tu, ina ngazi zake, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ndo ulirudisha huu ukatekumeni wa hatua kwa hatua na utaratibu wake ukatoka 1972, kwa hiyo Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano ya Kwaresima mnaitwa mbele ya watu wote mnapiga magoti na kanisa zima linawaombea. Na Injili zake ni yule mwanamke Msamaria kisimani, yule kipofu wa kuzaliwa na Lazaro. Kiu, kutoona, kuoza. Mimi mtu wa ndoa nimekuja kwa hesabu zangu, nimepiga magoti pale, nyuma yangu kuna mzee kaniwekea mkono begani, nikajikuta nimeanza kuwa serious bila kupenda. Darasani miezi kumi na nane haikunigusa hivyo.

Huyo mzee ni msimamizi wangu wa ubatizo. Sikumchagua mimi, nilipewa na jumuiya kwa sababu sikuwa na mtu. Ni fundi welding, anatengeneza madirisha na mageti, mtu wa maneno machache sana. Siku tunatambulishwa nilitegemea hotuba, akaniambia kijana mimi kuhubiri sijui, ila Jumamosi saa 11 na nusu alfajiri nitakuwa nagonga dirisha lako. Nikadhani ni utani wa wazee. Jumamosi iliyofuata, ko ko ko.

Mkesha wenyewe jamani. Mnaanza nje gizani, taa zote zimezimwa, moto unawashwa, mshumaa mkubwa wa Pasaka unawashwa kwenye ule moto, halafu unaingia kanisani na mwanga unapita mshumaa kwa mshumaa mpaka kanisa zima linawaka. Masomo ni mengi, mtoto wa mtu kalala begani kwangu, mbu wa Dar nao wapo ibadani. Litania ya watakatifu inaimbwa mkiwa mmesimama karibu na maji, Padre anauliza je mnamkataa shetani, namkataa, na mambo yake yote, namkataa, na hapo mzee wangu kanibana bega kama anakaza nati. Maji yalikuwa ya baridi kuliko nilivyotegemea. Mara tatu kichwani. Halafu mafuta ya krisma na Padre anasema maneno kwamba sasa ni mshiriki wa Kristu kuhani, nabii na mfalme. Mimi fundi friji. Nikasema moyoni huyu Padre anajua anaongea na nani kweli. Halafu vazi jeupe, halafu mshumaa, halafu komunyo ya kwanza saa 7 za usiku huko. Kipaimara kwetu tulisubiri ujio wa Askofu.

Mama yangu alikuja. Mlokole wangu alikaa benchi la nyuma na kitenge chake, ilipofika kwenye maji akasimama kabla ya wengine kusimama. Mpaka leo hajaniambia alichokiona, na mimi sijamuuliza.

Baada ya hapo sasa. Baada ya hapo hakuna kitu! Jumapili ile mwalimu alitupigia makofi, akasema sasa mmemaliza, hongereni, tutawapigia vyeti vikitoka. Vikatoka. Hapo ndo ikawa kimya. Kuna frateri alikuja likizo kutoka seminari, kijana mdogo mchangamfu, tukawa tunapiga stori ndo akaniambia kwamba kwa utaratibu wenyewe bado kuna kipindi kizima kilibaki, kuanzia Pasaka mpaka Pentekoste, siku 50, kinaitwa mistagojia, mnakusanywa tena mnaelezwa yale mliyotendewa usiku ule yana maana gani na mnaanza kuyaishi mkiwa pamoja. Akasema zamani waliobatizwa walikuwa wanavaa yale mavazi meupe wiki nzima mpaka Jumapili inayofuata, ile ambayo tangu mwaka 2000 tunaiita ya Huruma ya Mungu, watu wanawaona mtaani wanajua huyu ni mpya. Mimi langu nililivua saa 9 usiku likaingia kwenye mfuko wa rambo, maana asubuhi nilikuwa na kazi ya AC ya mtu.

Tulibatizwa 19. Mwezi wa nane nikihesabu kwa macho naona sita. Sijui wengine wako parokia zingine, sijui wamesafiri, nachosema ni kwamba hakuna aliyewatafuta. Na hapa lazima nimpe mama yangu haki yake, kuna mshikaji wangu alibatizwa kanisa la aina ya mama, ufukweni, baada ya wiki nne tu za mafundisho, nami nilimcheka kwamba umebatizwa fasta kama chipsi. Lakini wiki ya kwanza baada ya kutoka majini alipigiwa simu mara nne, akapewa mtu wa kumlea, akapangiwa kanisa la nyumbani kila Jumatano, asipotokea anafatwa mpaka kwake anaulizwa kulikoni. Mpaka akawa anazima simu. Mimi nilikaa miaka miwili ya kuingizwa na siku sifuri za kulelewa, yeye wiki nne na malezi ya mwaka mzima. Mtu akichukua mlango wetu akaunganisha na sebule yao atakuwa na kanisa zuri sana.

Sasa kwa nini nyota 3 na nusu na sio 2? Kwa sababu ya dirisha. Mzee wa welding hakuacha kugonga.

Jumuiya Ndogo Ndogo kwa wasiojua ni hivi, nyumba kama 10 au 20 za jirani Wakatoliki wa mtaa mmoja, mna jina la mtakatifu wenu, mwenyekiti, katibu, mhazini, na kila Jumamosi saa 12 asubuhi mnasali nyumbani kwa mmoja kwa zamu. Frateri alinieleza kwamba hii sio mila ya zamani kivile, maaskofu wa kanda yetu hii ya Afrika Mashariki waliokaa Nairobi 1973 ndo waliamua kwamba uhai wa Kanisa uanzie huku chini kwenye vikundi vidogo, lijihudumie, lijitegemee, lijieneze lenyewe, na 1976 wakaifanya ndo kipaumbele. Congo walishaanza njia hiyo mapema zaidi, tangu 1961. Nikamuuliza hii ya michango nayo ilipitishwa mwaka gani, akacheka akabadilisha mada.

Maana michango ipo na tusifichane. Zaka, tegemeza jimbo, ujenzi, zawadi ya Padre anayehama, zawadi ya Padre anayekuja, msiba, harusi, rambirambi, sare ya sikukuu ya somo, yaani mtakatifu wa jumuiya. Na kuna kale kamsemo usiposali jumuiya hutazikwa, kanasemwa kwa utani ila kila mtu anajua sio utani, ukihitaji ndoa au ubatizo wa mtoto au mazishi unaulizwa kwanza mwenyekiti anakufahamu? Kwangu mimi hii inaua. Mtu anakuja kusali huku anahesabu mahudhurio kama mwanafunzi anayetafuta cheti, akifiwa ndo anakumbuka. Grupu letu la WhatsApp ukilifungua ni orodha ya majina na tiki, majina na tiki, katikati kuna sala ya kusambaza kwa watu kumi usipofanya hivyo sijui utapata nini.

Lakini kuna utaratibu wa kusoma Injili ambao nauona ni dhahabu kabisa, wanaita Hatua Saba. Umetoka Chuo cha Lumko cha Afrika Kusini, waliouanzisha ni mapadre wawili Wajerumani, Oswald Hirmer na Fritz Lobinger, baadae wote wawili wakaja kuwa maaskofu. Mnamkaribisha Bwana, mnasoma Injili ya Jumapili inayokuja, halafu kila mtu anachomoa neno au kisentensi kilichomgusa anakisema mara tatu polepole bila kutoa maelezo, mnakaa kimya, ndo mnashirikishana, hatua ya sita mnajadili kazi gani Bwana anatutuma wiki hii, ya saba mnasali kila mtu kwa maneno yake. Uzuri wake ni kwamba hakuna mwalimu. Bibi asiyejua kusoma anarudia neno moja alilosikia na linakuwa na uzito kuliko la mwenye digrii. Kwa mtu kama mimi niliyetoka viti vya chekechea vya kujibu kwa pamoja, hii ilikuwa kama kuvuliwa kofia ya helmeti.

Tatizo liko hatua ya sita. Jumuiya yangu ilikuwa inaenda vizuri moja mbili tatu nne tano, ikifika sita Mama Mwenyekiti anasema haya sasa tuje kwenye matangazo, mhazini anafungua daftari, tunasomewa nani anadaiwa, kumi na mbili na dakika hamsini tunafunga kwa sala watu wanawahi kazini. Mwaka mzima sijawahi kuiona hatua ya sita kwa macho.

Mpaka Jumamosi moja mhazini kasafiri na daftari. Injili ni ya Msamaria mwema. Mzee wangu wa welding ambaye huwa haongei kabisa akarudia neno lake, akamtunza, akamtunza, akamtunza. Kimya. Tukashirikishana, tukafika pale pa matangazo, hakuna daftari, na tuna dakika 20 hazina kazi. Tunaangaliana. Mama Mwenyekiti mwenyewe akasema basi tufanye kama kitabu kinavyosema, kazi yetu wiki hii nini?

Ndo bibi mmoja pale, mjane, tulikuwa kwake siku hiyo, akasema kwa aibu mimi dawa zangu naona hazifanyi kazi. Ana sukari, anachoma insulini, na anapoihifadhi ni kwenye friji la soda la duka la jirani. Wanangu, hilo ni eneo langu. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8, na ikishaganda hata mara moja tu haifai tena, unachoma maji. Friji la duka mlango unafunguliwa mara mia kwa siku, umeme ukikatika joto, na yule kijana wa dukani kwa nia njema kabisa alikuwa anaisogeza nyuma kabisa penye barafu ili isichezewe. Nilivyoenda kuangalia nikakuta kachupa kamoja kameganda kama lambalamba.

Huyo bibi nilikuwa nimesali naye mwaka mzima. Nyumba ya sita kutoka kwangu. Na mimi ni fundi friji. Sikuwahi kujua na wala hakuna swali lolote kwenye ule utaratibu wa matangazo ambalo lingenifanya nijue.

Kuna mwanajumuiya alikuwa na friji ndogo bovu kageuza kabati la vyombo, akaitoa. Thermostati nilinunua mimi, gesi nilikuwa nayo, compressor ilikuwa nzima kumbe ni uvujaji tu kwenye bomba la nyuma, nikachomelea kwa mzee wangu nikailaza masaa 24 kama kawaida. Dada mmoja nesi akamfatilia bibi kliniki wakabadilishiwa dawa. Katibu akasema umeme wa LUKU tutachangiana, buku buku kila nyumba kwa mwezi, na huo ndo mchango wa kwanza niliouona watu wanatuma kabla ya kukumbushwa. Jumamosi iliyofuata bibi kapima sukari imeshuka, na sikumbuki kama Injili ilikuwa ipi, nakumbuka chai ya tangawizi.

Nikiwa na bisibisi nyuma ya ile friji ndo yale maneno ya krisma yakanirudia, kuhani nabii mfalme, nikacheka peke yangu, bibi akauliza unacheka nini mwanangu nikamwambia nimekumbuka kitu cha kanisani.

Msidhani mambo yalibadilika kabisa. Mhazini alirudi, daftari likarudi. Hatua ya sita ilidumu kama Jumamosi nne, ikafa, ikafufuka, siku hizi tunaipata labda mara moja kwa mwezi, na kuna wawili hawasalimiani kwa sababu ya zamu ya viti. Ila ile mara moja ikiwepo mimi siwezi kukosa. Na nimegundua kitu, katika wale sita wanaoonekana bado, watano wana mtu kama mzee wangu, mtu mmoja tu anayegonga dirisha. Yule mama wa 54 wake ni jirani yake anampitia kwa miguu. Parokia ikitaka kuboresha huduma isiongeze kurasa kwenye kitabu, imtafutie kila mmoja mgongaji wake tangu wiki ya kwanza, na sio kumuokoteza msimamizi wiki moja kabla ya Pasaka ili picha zitoke vizuri.

Gharama kwa wanaouliza, mimi nilitumia hivi: kitabu elfu 5, kushona vazi jeupe elfu 30 (mwambieni fundi asikaze mabega, mikono inainuliwa sana), mshumaa elfu 2, nauli zenu mnazijua. Ubatizo wenyewe hakuna aliyenidai hela, akitokea wa kukudai ongea na Paroko moja kwa moja. Ulizeni mapema mambo ya bahasha ya zaka msije kustushwa. Daftari la mahudhurio lisainiwe kila wiki, mimi wiki tatu zangu zilipotea nikakalishwa kiti moto. Nguo za kubadilisha bebeni, maji yanafika mpaka mgongoni. Na jumuiya anzeni kwenda kabla ya darasa, msifanye kama mimi kununa wiki tatu.

Inamfaa nani? Mwenye haraka ya ndoa haimfai, atateseka na atawatesa wengine, ila ndo hao hao wengi wanakuja na nilikuwa mmoja wao kwa hiyo sina mdomo. Mwenye maswali mengi aje tu ila aje na uvumilivu wa punda.

Juzi kati hapa nilikuwa na haraka ya kwenda kwa mteja Tegeta, nikachukua bodaboda kituoni, dereva anageuka kunipa helmeti, ni yule dogo. Kanenepa. Tumecheka, tumepeana mikono, kaniuliza vipi ulimaliza, nikamwambia nilimaliza, nikabatizwa, nikaoa, nina mtoto. Akasema hongera kaka. Halafu akawasha pikipiki, akaizima tena, akaniuliza, na ile amri ya saba, mlifika? Nikamwambia tulifika. Akasema haya, sasa mwalimu alijibuje?

Nikabaki nimeshika helmeti.